Habari Zisizolala: Pemba, Popobawa na Simu ya Kiganjani

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1995, watu wengi wa kisiwa cha Pemba walilala nje ya nyumba zao. Ulipoingia usiku walitoa mikeka na magodoro, wakajikusanya uani na viwanjani, jamaa na majirani pamoja, wakakoka moto na kukesha. Hawakuwa wakikimbia tetemeko la ardhi wala jeshi la adui. Walikuwa wakimkimbia Popobawa, kiumbe ambaye jina lake limetokana na popo na bawa lake, na ambaye ilisemwa kwamba huingia majumbani usiku akawatendea waliolala, wanaume kwa wanawake, madhila ambayo muungwana hayataji mbele za watu. Hofu hiyo ilihama kijiji hadi kijiji, ikavuka bahari mpaka Unguja, na baadaye ikafika Dar es Salaam na sehemu nyingine za pwani ya Bara.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa Pemba kumsikia. Kumbukumbu za wazee zinamtaja tangu miaka iliyofuatia Mapinduzi ya 1964, na hata baada ya 1995 jina lake halikupotea. Mwaka 2007 liliwahangaisha wakaazi wa baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Lakini kisa cha 1995 ndicho kilichoandikwa zaidi, hususan na mwanaanthropolojia Martin Walsh, na ndicho kinachostahili kutazamwa upya katika zama hizi ambapo kila mwenye simu amekuwa mpokeaji na mpelekaji wa habari kwa wakati mmoja.

Sababu ni hii: mwaka ule Pemba haikuwa na simu za mkononi. Kampuni ya Zantel ilianza kutoa huduma zake Zanzibar mwaka 1999, na mitandao ya kijamii kama ijulikanavyo leo ilikuwa bado haijazaliwa. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, na WhatsApp mwaka 2009. Habari za Popobawa zilikwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari za abiria za kutoka Mkoani kwenda Chake Chake na Wete, na kwa vyombo vya baharini. Zilitoka mdomoni zikaingia sikioni, nazo zikatosha kukikesheza kisiwa kizima. Kwa hivyo anayedhani kuwa uvumi umeletwa na simu anaidhulumu simu, na tena anaisahau nafsi ya binaadamu.

Ndani ya kisa kile lilikuwemo sharti moja ambalo ndilo lililokipa miguu. Ilisemwa kwamba Popobawa humwamrisha aliyemwingilia awasimulie wenziwe yaliyomfika, na kwamba asipofanya hivyo atarudiwa. Kwa desturi za pwani, jambo la namna ile lingepaswa kuzikwa kifuani. Aibu ingemfunga mtu mdomo mpaka siku ya kufa kwake. Lakini hofu ya kurudiwa iliishinda aibu, na mdomo ukafunguka. Msimulizi alikuwa akijiokoa kwa kusimulia, na msikilizaji aliondoka pale akiwa amebebeshwa mzigo ambao naye hakuwa na njia ya kuutua ila kwa kumpa mwengine. Yeyote aliyewahi kupokea katika simu yake ujumbe unaomtaka autume kwa watu kumi kabla ya jua kuchwa ili apate kheri, ama asipoutuma apatwe na balaa, amekutana na sharti lile lile katika vazi jipya.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamekuwa wakiuchunguza uvumi kwa muda mrefu. Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Leo Postman, walitoa kitabu ambacho ndani yake walieleza kwamba uvumi hutegemea mambo mawili: uzito wa habari kwa anayeisikia, na utata wa ushahidi wake. Mambo hayo hayajumlishwi, bali huzidishwa moja kwa jengine, kwa hivyo likikosekana moja, uvumi wote huanguka. Habari nzito iliyo wazi haina haja ya kuvumishwa, na habari yenye utata isiyomhusu mtu haimshughulishi.

Kabla yao, msomi wa Kihindi Jamuna Prasad alikuwa amekusanya maneno yaliyoenea baada ya tetemeko kubwa la ardhi la Bihar, la Januari 1934. Alitazama mahali ambapo watu waliihisi ardhi ikitikisika lakini hawakuona nyumba zikibomoka. Huko ndiko watu walikosimuliana kwamba balaa kubwa zaidi lilikuwa njiani. Mtu angetarajia kwamba waliosalimika wangelisimuliana habari za kuwatuliza. Leon Festinger, alipoyatafakari hayo katika kitabu chake cha mwaka 1957, alifikia fikra ambayo inaifaa Pemba kama kwamba iliandikwa kwa ajili yake: uvumi ule haukuwatia watu hofu. Hofu walikuwa nayo tayari, na uvumi uliwapa sababu ya kuogopa.

Pemba ya 1995 ilikuwa na sababu nyingi za hofu isiyotajika. Oktoba ya mwaka huo ungefanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi. Hakuna aliyejua utakwendaje, wala nini kitafuata baada yake. Bei ya karafuu katika soko la dunia ilikuwa imeporomoka tangu miaka ya 1980, na karafuu ndiyo iliyokuwa ikivisha, ikiozesha na kujenga nyumba kisiwani. Wenye umri mkubwa waliyakumbuka yaliyopita na hawakupenda kuyazungumza. Katika hali hiyo, kiumbe anayekuja usiku bila ya kuonekana, anayeingia katika nyumba iliyofungwa na kumdhalilisha mwenye nyumba, alikuwa ni jibu la swali ambalo watu hawakuweza kuliuliza mchana. Wapo waliomfasiri kisiasa waziwazi, na wapo waliomwona kuwa ni shetani tu. Wote wawili walilala nje.

Nayo hofu haikuishia katika kukesha. Mjini Unguja, mwezi wa Aprili 1995, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka Bara aliyefika kutafuta matibabu, alishukiwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu. Huyo ndiye wa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba uvumi ni maneno tu, na kwamba maneno hayavunji mfupa.

Hata hivyo uvumi wa zama zile ulikuwa na mipaka yake, nayo ni mipaka ambayo hakuna aliyeiweka kwa makusudi. Wa kwanza ulikuwa masafa. Neno lilihitaji mtu wa kulibeba, na mtu huchoka, hukosa gari, hungoja maji kujaa ndipo chombo kiondoke. Kijiji kimoja kilipokuwa kimepamba moto, chengine kilikuwa hakijasikia, na cha tatu kilikuwa kimekwishapumua. Mpaka wa pili ulikuwa alfajiri. Jua likichomoza watu walikunja mikeka, wakaenda shamba na pwani, na yale ya usiku yakaonekana kwa jicho jengine. Wa tatu ulikuwa sura ya msemaji. Aliyesimulia alijulikana ni nani, mtoto wa nani, na kama jana alisema kweli. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini wahenga hao hao walijua kuuliza limesemwa na nani.

Pemba ilikuwa pia na skuli nyingine ya kupeleka na kujibu maneno, nayo ni ushairi. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kukumbushwa majina ya Kamange na Sarahani, malenga wawili wa kisiwa hiki walioishi katika karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ambao kazi zao zilihifadhiwa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, zikahaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa mwaka 2011 katika Kale ya Washairi wa Pemba. Watu hao walijibizana kwa mashairi. Huko Mombasa, kabla yao, Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa amezitumia beti kama silaha katika ugomvi wa miji.

Isidhaniwe kwamba malenga wa kale walikuwa malaika. Walipenda kusifiwa, walichomana, walitafutana makosa, na fumbo likimkusudia mtu lilimfika. Haja ya mtu kutazamwa na wenziwe na kusikia kwamba amesema vyema haikuanza mwaka 2009, ambapo Facebook iliweka alama yake ya kidole gumba. Tofauti haiko katika haja. Iko katika njia ambayo haja hiyo ilipitia. Aliyetaka kujibu alipaswa kwanza kuzipata mizani 16 za mshororo, avipate vina vya kati na vya mwisho, na aghlabu avifuate vina vya yule aliyemwanza. Hasira ilikaa ikingoja kina. Shairi lilipokamilika liliandikwa, likapelekwa, likasomwa barzani mbele ya watu waliojua kuhukumu. Hapo hapakutazamwa tu nani ameumizwa. Palitazamwa nani amesema vizuri zaidi. Aliyetukana bila ya ufundi alijiaibisha mwenyewe. Na baina ya neno na jibu lake palikuwa na usiku mmoja, pengine siku nyingi.

Kuna siku ambazo mipaka hiyo haikutosha, na historia haifai kufichwa. Baada ya kuundwa vyama vya siasa katika miaka ya 1950 na kufanyika uchaguzi wa kwanza mwaka 1957, watu wa visiwani waligomeana. Duka la mtu wa chama kile halikununuliwa, gari lake halikupandwa, na zipo nyumba ambazo msiba wake haukuzikwa na majirani wote. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Kila mtu alijua hesabu hiyo, na kila mtu alimtazama jirani yake kwa hesabu hiyo. Kugomeana kulirudi Pemba baada ya 1995, wakati mwengine hadi msikitini na makaburini. Yaani kumfungia mtu mlango wa mawasiliano, jambo linalofanywa leo kwa kubonyeza kioo, kulitendwa zamani kwa mguu usiokanyaga kizingiti.

Lakini ugomvi ule ulikuwa na mzigo uliowaelemea wenyewe wagomvi. Aliyemgomea jirani aliendelea kumwona kila siku kisimani na njiani. Watoto walikutana skuli. Mwenye kukataa kuzika alijua kwamba naye atakufa. Mzigo huo wa kuonana ulichangia kuifanya Zanzibar ichoke, mpaka yakapatikana maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, ambamo zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Maridhiano yale yalianza kwa watu wawili kukaa chumba kimoja na kutazamana.

Simu ya kiganjani imeikuta nafsi ile ile ya 1957 na ya 1995, na imeiondolea mipaka. Masafa yamefutika: neno linaloandikwa Micheweni linasomwa Muscat, Dubai na London kabla ya chai kupoa. Alfajiri imefutika pia, kwani jua likichomoza Pemba, liko mahali pengine linapotua, na wa huko ndiyo kwanza anaanza kujibu. Na sura imefifia. Ujumbe uliopita mikono mia haubaki na jina la aliyeuanza, bali huja na jina la aliyeutuma mwisho, ambaye aghlabu ni shangazi au rafiki anayeaminiwa. Uaminifu uliojengwa na mtu kwa miaka mingi hukopeshwa kwa neno ambalo yeye mwenyewe hakulichunguza.

Mwaka 2018 watafiti watatu, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizoenezwa katika mtandao wa Twitter baina ya 2006 na 2017 na watu wapatao milioni 3. Waligundua kwamba habari ya uongo ilikuwa na nafasi ya kutumwa tena iliyozidi ya habari ya kweli kwa asilimia 70. Kosa hilo halikuwa la mashine zinazojiendesha. Lilikuwa la watu. Uongo ulishinda kwa sababu ulikuwa mpya, nao ulizusha mshangao na karaha. Popobawa alikuwa na vyote viwili.

Mwaka huo huo, nchini India, watu kadhaa waliuawa na makundi kwa uvumi wa wezi wa watoto ulioenea kwa WhatsApp. Wengi wao walikuwa wapita njia na wageni, kama alivyokuwa mgeni yule aliyeuawa Unguja. Kampuni hiyo ikapunguza idadi ya watu wanaoweza kutumiwa ujumbe mmoja kwa mkupuo, kwanza India, kisha mwaka 2019 ulimwenguni kote, ikawa ni mazungumzo matano tu. Mwaka 2020 ujumbe uliokwishapita mikono mingi ulizuiwa usitumwe zaidi ya kwa mmoja mmoja. Ukitazamwa vyema, uamuzi huo ulikuwa ni jaribio la kurudisha masafa: kumfanya mbebaji wa neno achoke tena, kama aliyebeba habari kwa baiskeli kutoka Wete hadi Konde.

Lipo pia jambo la malipo. Katika miaka ya 1950, B. F. Skinner na Charles Ferster walionyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa mpango asioweza kuubashiri hudonoa kwa ukaidi zaidi kuliko anayepata kila mara. Anayefungua simu yake hajui kama atakuta sifa, matusi au kimya, na kutojua huko ndiko kunakomrudisha. Malenga wa kale alilipwa kwa nadra, na alijua kwa nini amelipwa. Mwenye simu hulipwa mara nyingi, kidogo kidogo, na mara nyingi hajui alichokifanya hata akalipwa, ila hukisia kwamba neno kali hulipa zaidi ya neno pole. Akikisia hivyo kwa mwaka mmoja, lugha yake hubadilika bila ya yeye kutambua.

Wenye mamlaka nao wana njia yao ya kuukabili uvumi, nayo ni kufunga njia. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020 mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa Tanzania, na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na kukatwa kwa intaneti kulikodumu kwa siku kadhaa. Hapa kanuni ya Allport na Postman inatoa onyo. Habari za siku kama hizo zina uzito mkubwa kupita kiasi, na kimya huzidisha utata. Mama aliye Wete, mwanawe akiwa Dar es Salaam, haachi kuuliza kwa sababu simu haina mtandao. Hupokea jibu kutoka popote litakapotoka, na jibu hilo halina wa kulisahihisha. Popobawa alienea kisiwani bila ya mtandao wowote. Uvumi hupunguzwa na habari ya kweli inayotoka mapema, kwa mdomo unaoaminika, na uaminifu hauwezi kuanza kujengwa siku ya msiba.

Wala haitokuwa haki kuisahau faida. Wapemba walioko Oman, Uingereza na Canada hujua leo hali ya mgonjwa wao saa ile ile, hukusanya mchango wa maziko, humsikia mjukuu akisoma Kurani. Zamani hayo yalikuwa ni barua ya wiki kadhaa, na mara nyingine yalikuwa ni kimya mpaka kifo. Ila umbali una hatari yake ndani ya ugomvi: aliye mbali anaweza kuuchochea moto ambao hatoungua nao. Kesho yake hatokutana kisimani na aliyemtukana, wala hatokosa mtu wa kumshikia jeneza.

Ushairi nao umehamia humo. Beti hutumwa leo katika vikundi vya simu, na malumbano yaliyokuwa ya barza moja husikilizwa na watu wa nchi tofauti. Chombo kimebadilika, lakini mizani bado zinadai haki yake. Mwenye kutaka kujibu kwa shairi hawezi kujibu kwa dakika moja. Atahesabu, atafuta, atatafuta kina kinachokataa kuja, na huenda akalala kabla hajamaliza. Asubuhi atausoma mshororo aliouandika usiku, na pengine ataona kwamba haufai kupelekwa.